Shamba la Mwanao: Ardhi ya Shule katika Katiba za Majimbo ya Marekani

Mzazi akitoka Uvira au Kigoma na kufikia Salt Lake City, Boise au Houston, swali lake la kwanza ni shule. Anaambiwa ni bure, anashukuru, anakwenda zake kazini. Asichoambiwa ni kwamba katika majimbo mengi ya magharibi mwanawe ana shamba. Limeandikwa katika katiba ya jimbo, na mapato yake ni ya shule.

Katiba ipi inamlinda mtoto?

Katiba ya taifa la Marekani haitaji elimu hata mara moja. Mwaka 1973, katika kesi iliyotoka San Antonio, Mahakama Kuu ya nchi iliamua kwamba elimu si haki ya msingi chini ya katiba hiyo. Wajibu wa kuweka shule za umma na kuzigharamia umo katika katiba za majimbo. Ya Texas, katika ibara ya 7, inalitaka bunge la jimbo liweke mfumo wa shule za bure unaofanya kazi ipasavyo. Ya Washington inasema elimu ya watoto ndio wajibu mkuu wa jimbo, na mwaka 2012 mahakama ya juu ya jimbo hilo ilitamka kwamba serikali haijatimiza wajibu huo.

Hata hivyo katiba ya taifa inatoa kinga moja kubwa. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya nchi wa mwaka 1982, mtoto hazuiwi kuingia shule ya umma kwa sababu hana karatasi za uhamiaji.

Ardhi imetoka wapi?

Chukua karatasi, chora mraba, uugawe visanduku 36. Kila kisanduku ni maili moja ya mraba, yaani ekari 640. Anza kuhesabu pembe ya juu kulia, nenda kushoto, kisha rudi kulia katika mstari wa pili, kama mkulima anayelima kwa ng'ombe. Namba 16 itaangukia karibu na katikati. Sheria ya ardhi ya mwaka 1785 ilikitenga kiwanja namba 16 cha kila eneo la namna hiyo kwa ajili ya shule. Baadaye majimbo kama Idaho yalipewa viwanja viwili katika kila eneo, na Utah, Arizona na New Mexico vinne vinne. Texas, iliyokuwa na ardhi yake yenyewe, ilitenga nusu ya ardhi ya umma kwa shule katika katiba ya mwaka 1876.

Ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe. Wenyeji wa asili walinyang'anywa, na hadi leo baadhi ya viwanja vya shule vimo ndani ya maeneo yao.

Ni kama wakfu

Watu wa pwani wataelewa upesi: mali imewekwa kwa kusudi moja, na jimbo ni msimamizi tu. Kiwanja kinaweza kupangishwa au hata kuuzwa, lakini fedha lazima ziende kwenye mfuko wa shule. Arizona ilipotaka kupitisha barabara kuu katika ardhi ya shule bila kulipa, Mahakama Kuu ya nchi iliamua mwaka 1967 kwamba thamani yote ilipwe.

Mapato ya malisho, mbao, mafuta na gesi huingia katika mfuko wa kudumu na kuwekezwa, na kila mwaka sehemu hutolewa kwa shule. Mwaka 2022 wapigakura wa New Mexico walibadili katiba yao ili mfuko utoe zaidi, hasa kwa elimu ya watoto wadogo. Lakini fedha hizi ni nyongeza: sehemu kubwa ya gharama za shule hutoka katika kodi za jimbo na kodi ya nyumba na viwanja.

Fanya nini?

1. Muulize mwalimu mkuu kama shule inapata fedha za ardhi ya shule, na nani anaamua matumizi yake.

2. Ukiwa Utah, ulizia baraza la jamii la shule. Humo wazazi ni wengi kuliko wafanyakazi, nao huandaa mpango wa kutumia mgao wa shule, kwa mfano kumlipa msaidizi wa kuwafundisha kusoma watoto waliobaki nyuma. Mpango huidhinishwa na bodi ya shule.

3. Piga kura ya kuchagua wajumbe wa baraza, au gombea mwenyewe. Wanaochagua wazazi wajumbe ni wazazi wenye watoto shuleni hapo.

4. Hudhuria mikutano ya bodi ya shule, ambayo kwa kawaida huwa wazi kwa umma. Omba mkalimani wa Kiswahili mapema.

5. Kama una uraia, soma kila pendekezo la kubadili katiba kabla ya kupiga kura. Ukiona mfuko wa shule umetajwa, tazama kama fedha zinaongezwa kwa watoto au zinapelekwa kwingine.

Wakfu huharibika pale wenye haki wasipojua kuwa ni wao. Baraza la shule likikaa kupanga bila mzazi anayemjua mtoto aliyeanza kusoma kwa Kiswahili au Kibembe, mtoto huyo hatakumbukwa katika mpango. Iombe nakala ya mpango wa mwaka huu, uisome na mwanao mezani, kisha upeleke maswali yako.