Boma la Mkalama: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Ukitoka Kinyangiri kwenda Mkalama kuona boma la Mjerumani, nenda na macho na maswali. Sururu iache nyumbani. Nimechoka kuona kuta za kale zikichimbwa misingi na watu wazima wenye akili zao.

Usifanye: kuchimba

Usichimbe ukutani, sakafuni wala chini ya mti wa jirani. Hakuna dhahabu ya Mjerumani inayokungoja. Najua uvumi ulikoanzia. Mgodi wa Sekenke, huko Iramba, ulikuwa ukitoa dhahabu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Vita vilipokuja, meli za Uingereza zilifunga pwani na fedha kutoka Ujerumani zikakatika. Ndiyo maana mwaka 1916, huko Tabora, Wajerumani walifua kwa dhahabu ya Sekenke sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Walizifua wakiwa na dhiki ya fedha, ili zitumike. Jeshi lao liliendelea kupigana likirudi nyuma hadi Novemba 1918. Anayekuambia jeshi lenye dhiki hiyo lilifukia mali Mkalama likaisahau, anataka hela yako.

Basi usimpe. Mganga anayejua dhahabu ilipo hahitaji mbuzi wako, na mwenye mashine ya kupimia madini hahitaji "hela ya kuanzia". Usinunue rupia kuukuu kwa bei ya shamba. Haina zebaki ndani wala nguvu yoyote. Na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haimruhusu mtu kuchimba mabaki ya kale bila kibali. Ukuta uliochimbwa msingi unalegezwa na mvua, kisha unaanguka. Mara nyingine unamwangukia mchimbaji.

Usichimbe pia kwenye mapango yenye michoro. Huko Kondoa watu wamefukua sakafu za mapango wakiamini michoro ni alama za hazina ya Mjerumani. Michoro ile ilikuwapo karne nyingi kabla Mjerumani hajaijua njia ya kuja huku! Usiimwagie maji ili ing'ae kwenye picha. Maji yanaimaliza rangi.

Fanya: uliza

Pita kwanza ofisi ya mtendaji wa kijiji, ueleze umefuata nini. Mgeni asiyejitambulisha huhesabiwa mchimbaji, na wenyeji hawakosei sana.

Kisha keti na wazee. Waulize babu zao walisimulia nini: nani alibeba mawe, nani alidaiwa kodi, nani alichukuliwa kuwa mpagazi wa vita asirudi. Andika jina la msimulizi, kijiji na tarehe, siku hiyohiyo. Hiyo ndiyo mali iliyobaki bomani, na inapungua kila tunapozika mzee.

Piga picha kila ukuta kabla ya mvua na baada ya mvua.

Usifanye: kuokota chuma

Usiokote chuma usichokijua, hata kama mnunuzi wa chuma chakavu anasubiri barabarani. Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga wilayani Ngara, bomu la mkono lililookotwa kama chuma chakavu lililipuka na kuua wanafunzi watano. Bomu haliangalii limeachwa na jeshi gani wala limelala miaka mingapi. Wafundishe watoto hili leo. Wao ndio wanaookota.

Fanya: toa taarifa

Chuma cha mashaka kiache kilipo. Weka alama mbali nacho, zuia watu na mifugo, piga simu polisi.

Ukikuta shimo bichi ndani ya boma, lipige picha na umwambie mtendaji siku hiyohiyo. Usilifukie mwenyewe. Kwenye udongo uliorundikwa pembeni huwa kuna vigae na misumari ambavyo mtaalamu anaweza kuvisoma, mradi hujauchanganya na kuurudisha shimoni.