Kasha la seva lisilopiga kelele

SWALI: Mtaalamu, ninapiga video za harusi hapa Goma, ninazihifadhi kwenye diski nne. Kompyuta iko chumba anacholala mtoto, na inanguruma usiku kucha. Ninunue kasha gani?

JIBU: Ndugu yangu, anza na diski zenyewe, maana feni mara nyingi inasingiziwa. Diski inayozunguka hutikisika, na nyumba nyingi za Goma ni za mbao: ubao huupokea mtikisiko huo na kuukuza. Tafuta kasha ambalo kila diski inakaa juu ya mpira, chuma kisigusane na chuma. Kisha liweke juu ya saruji au jiwe, usilitundike ukutani.

Kwa feni, chukua kubwa, milimita 120 au 140. Huzunguka polepole na bado hupitisha hewa ya kutosha. Usizibe kila tundu ukitafuta ukimya, kwani Goma iko mita 1,500 hivi juu ya bahari. Hewa nyepesi hupoza kidogo. Diski zisipite nyuzi 45.

Vumbi letu la volkano ni kali. Chujio litoke kwa mkono, bila bisibisi, ulioshe mara kwa mara na ulikaushe kabla ya kulirudisha.

Kasha la Fractal Design Node 304 hubeba diski sita, ila hutaka ubao mama mdogo wa mini-ITX. Kasha la mtumba lenye nafasi linatosha pia, ukiongeza mipira.

Na nakala ya pili ya harusi za watu ikae nje ya mji. Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka ilitukumbusha.