Huyo "His" Ni Nani? Mafunzo Niliyopata Nikichapa Katiba za Vikundi Isiolo

Riziki yangu hapa mjini Isiolo ni kuchapa na kunyoosha maandishi ya watu: katiba za vikundi, barua za basari, maombi ya kazi, kumbukumbu za mikutano. Wateja wengi huja na Kiingereza kilichokwisha kuandikwa na kijana wa nyumbani, wakitaka kiwekwe sawa kabla hakijafika mezani kwa ofisa. Tahajia haina taabu, kompyuta yenyewe inaipigia mstari mwekundu. Panaponichelewesha ni kwenye viwakilishi vya mtu asiyetajwa jina: "one", "you", "they", na yule "he" anayesimama badala ya binadamu yeyote.

1. Hesabu watu kwanza

Kikundi cha akina mama wanaokusanya maziwa ya ngamia, yale yanayopakiwa basi kwenda Eastleigh, kiliniletea rasimu ya katiba. Kifungu cha maziwa kilisema hivi: "A member shall bring his milk before ten o'clock. If you are late, one will be fined and they lose their turn."

Ukikipitia mbio unaelewa kinachotakiwa. Lakini Kiingereza humtambua mtu kwa kiwakilishi chake, na humo wamejaa wanne: mwanamume mwenye maziwa, msomaji aliyechelewa, mtu fulani anayetozwa faini, na watu wengine wanaonyang'anywa zamu. Aliyechelewa si anayelipa, na anayelipa si anayepoteza zamu.

Nilipomfasiria mwenyekiti neno kwa neno, akanikatiza. "Mwanangu, huyo mwanamume mwenye maziwa katoka wapi? Chama ni cha wanawake."

"Mama, ni Kiingereza cha kizamani. 'His' hapo ni ya mtu yeyote."

"Sawa. Na siku mume wa mtu akija kudai pesa za maziwa, si ataweka kidole hapo hapo?"

Hakuwa akitania. Katika maboma mengi ya wafugaji ngamia huhesabiwa kuwa wa mzee, ilhali maziwa yako mikononi mwa mama, na mpaka huo hulindwa kwa macho makali. Tukaandika upya: "A member shall bring her milk before ten o'clock. A member who is late shall pay a fine and lose her turn." Mama mmoja anabeba maziwa, anachelewa, analipa, anakosa zamu.

Mwanasheria angeweza kumjibu mwenyekiti kwamba "he" ya kisheria ina wanawake ndani yake. Ni kweli. Bunge la Uingereza lilitunga kanuni hiyo mwaka 1850 ili kufupisha lugha ya sheria zake, na Kenya tunao mfano wake katika Sura ya 2 ya sheria zetu, ile ya ufafanuzi wa maneno ya kisheria. Lakini katiba ya kikundi husomwa chini ya mgunga na watu wasio na Sura ya 2 mfukoni. Wataishika kama ilivyoandikwa.

2. Kosa la mtu hufuata lugha ya kwao

Kiswahili hakimtayarishi mtu kwa jambo hili. "Mwanachama ataleta maziwa yake": hiyo "yake" haisemi mume wala mke, na hakuna anayeuliza. Kimeru nacho ni hivyo hivyo. Kwa hiyo kijana aliyekulia lugha hizi akiingia kwenye Kiingereza huruka kutoka "he" kwenda "she" ndani ya aya moja, juu ya mtu yule yule, bila kusikia mruko. Macho yake yanaona "a-" tu.

Mborana na Msomali hawaruki hapo kwa urahisi, kwa kuwa katika lugha zao hata kitenzi hubadilika aliyetenda akiwa mwanamke. Msomali ana akiba nyingine pia: kineno "la" kinachotangulia kitenzi na kumsimamia mtu asiyetajwa, karibu kabisa na "one" ya Kiingereza. Nilipomwonyesha hilo kijana mmoja wa Kisomali aliyekuwa akiandika ombi la kazi, alicheka, akachukua kalamu na kujisahihishia ukurasa mzima.

Siku hizi karatasi ikija huuliza kwanza nani aliyeiandika na nyumbani wanazungumza nini. Najua mapema pa kutazama.

3. "You" humwangukia anayesoma

Kiswahili hupenda sana nafsi ya pili kwa mambo ya watu wote. Ukifika Archer's Post utaona daraja la Ewaso Nyiro. Ukifiwa na mzazi karo inakuwa mlima. Hakuna msikilizaji anayedhani ametabiriwa msiba.

Sasa peleka mazoea hayo kwenye barua ya basari: "When you lose your father, you cannot pay school fees." Barua hiyo ilielekezwa kwa mwenyekiti wa kamati, na aya iliyotangulia ilikuwa imemwita yeye mwenyewe "you": tunakuomba, tunakushukuru. Kwa hiyo "you" ya pili inamkuta keshakaa kwenye kiti hicho, na baba anayekufa ni wake. Mwandishi alikuwa msichana yatima. Tulimrudishia habari yake mwenyewe: "Since I lost my father, my mother has not been able to pay." Ilikuwa na nguvu zaidi pia, maana kamati husoma barua nyingi za "mtu" na chache za "mimi".

"You" ninaiacha kwenye maelekezo ya kazi, kama vile jinsi ya kujaza fomu au kuosha mitungi ya maziwa. Huko anayesoma ndiye anayetenda.

4. "One" akiingia, atulie

Vijana waliofaulu vizuri shuleni wanaipenda "one" kwa sababu inavaa suti. Tatizo ni kwamba haivumilii kuchanganywa. Kwa Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndicho tunachofundishwa, "one" hufuatwa na "one's" na "oneself". H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya lugha ya mwaka 1926, aliikataa kabisa "one" inayofuatwa na "his". Wamarekani wameizoea na hawaoni haya. Mwanafunzi wa Isiolo husoma vitabu vya huku na kutazama filamu za kule, akaandika zote mbili katika sentensi moja.

Ukishika kanuni hadi mwisho nayo, sentensi ya nne inakuwa "one must bring one's card if one wishes to keep one's place", na masikio yanaomba msamaha. Maoni yangu ni haya: sentensi moja ya "one" inapendeza, mbili zinavumilika. Katika katiba ya kikundi sijaona ilipohitajika.

5. "They" ya mtu mmoja imo ndani ya Katiba ya Kenya

Mabishano makali zaidi mezani kwangu yamekuwa na walimu wastaafu, ambao kwao "every person" ikifuatwa na "their" ni kosa la kukatwa alama. Naelewa. Ndivyo walivyofundishwa, na wapo wasahihishaji wanaofikiri hivyo hadi leo.

Mimi huwafungulia Katiba ya 2010, ibara ya 31, inayohusu faragha. Inaanza na kila mtu, kwa umoja, kisha inataja mwili wake, nyumba yake, mali yake, familia yake na mawasiliano yake, na kwa Kiingereza kiwakilishi kilichotumika ni "their". Ibara ya 32, ya dhamiri na dini, haitumii njia hiyo. Inarudia nomino yenyewe, "the person's". Mzee mmoja aliposoma zote mbili alishangilia kwamba hata waandishi wa Katiba hawaelewani. Mimi sioni ugomvi hapo. Kila ibara imeshika njia yake tangu inapoanza hadi inapoishia, na msomaji hapotei. Mkataba wa kiwakilishi ni wa kifungu kwa kifungu.

Wala si mtindo wa juzi. Shakespeare na Jane Austen waliitumia "they" ya mtu mmoja, na American Dialect Society iliichagua kuwa neno la mwaka 2015. Anayejiandaa kwa karatasi ya KCSE namwambia amuulize mwalimu wake wa Kiingereza anakubali nini, kisha ashike hilo. Anayeandika katiba ya kikundi chenye wanaume na wanawake namwachia "their" bila wasiwasi.

6. Wingi humaliza kesi nyingi

"Members shall bring their milk." Basi. Nakimbilia huko kabla ya "he/she", na hasa kabla ya "s/he", ambayo hakuna katibu anayeweza kuisoma kwa sauti mkutanoni. Wingi unakataa mahali pamoja tu: panapohitaji kujulikana kwamba wajibu ni wa kila mtu peke yake. "Members shall pay a fine" inaweza kumaanisha faini moja ya wote, na atatokea wa kuisoma hivyo. Hapo nawarudisha kwenye "each member".

7. Vitafute viwakilishi kwa mashine, lakini kwa neno zima

Kazi ikikaribia kuprintiwa, naziandika "he", "his", "she", "her", "one", "you" na "they" moja moja kwenye kisanduku cha kutafutia na kuangalia kila zinapojitokeza. Chagua neno zima. Usipofanya hivyo, "his" itakusimamisha kwenye kila "this", "he" kwenye kila "the", na katika katiba ya chama cha akiba "one" itakupeleka kwenye "money" kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.