Usiache Dawa: Kisukari na Chembe Nyekundu za Damu

Kijitabu cha kaya zinazozungumza Kiswahili, Marshalltown, Johannesburg

Soma hapa kwanza

Usiache dawa ya kisukari kwa sababu unajisikia mzima.

Kwa nini tumekuandikia

Ndugu zetu kutoka Tanzania, Kongo, Kenya na Burundi wanaletwa hospitali wakiwa na kidonda cheusi mguuni, au macho yameshaingia ukungu. Dawa inatolewa bure kwenye kliniki za serikali. Ukiwauliza kulikoni, jibu ni lile lile: "Nilipata nafuu, nikaacha." Katika takwimu za vifo za Afrika Kusini za mwaka 2016, kisukari kilishika nafasi ya pili baada ya kifua kikuu. Huu si ugonjwa wa wakubwa peke yao.

Sukari inavyokaa kwenye damu

Chembe nyekundu ndizo zinazobeba hewa safi kwenda mwili mzima. Fikiria kaimati: ikishachovywa kwenye shira, huwezi kuirudisha ikawa kavu. Chembe nyekundu nayo ikishashikwa na sukari, hubaki nayo mpaka ife, na huishi miezi 3 hadi 4 hivi.

Sukari ikizidi, chembe hukakamaa. Zinapita kwa shida kwenye mishipa myembamba, na kuta za mishipa hiyo nazo zinaharibika. Mishipa hiyo imejaa machoni, kwenye figo na miguuni. Figo zikichoka, mwili hautengenezi chembe nyekundu za kutosha: mtu anapungukiwa damu, anahema akipanda ngazi, anachoka bila kazi.

Yote haya yanaendelea huku unajisikia mzima. Usiache dawa.

Kipimo cha kidole na kipimo cha miezi 3

Kipimo cha kidole kinaonyesha sukari ya saa hiyo tu. Kipimo kinachoitwa HbA1c kinasoma sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu, kwa hiyo kinaeleza miezi 2 hadi 3 iliyopita. Wagonjwa wengi hutakiwa wawe chini ya asilimia 7.

Kaka mmoja, fundi cherehani, alikuwa akimeza vidonge na kuacha soda siku 3 kabla ya kliniki, basi. Kidole kilisoma 6, akatabasamu. HbA1c ikasoma asilimia 12. Tulipomvua kiatu tukakuta msumari umetoboa soli na kuingia kwenye unyayo. Alikuwa ametembea nao tangu asubuhi, hakusikia kitu: sukari ilishaufanya mguu ufe ganzi.

Siku 3 hazifuti miezi 3.

Mwambie nesi kama una sikoseli, una mimba, umeugua malaria karibuni, umetokwa damu nyingi au umeongezewa damu. Mambo hayo yanaweza kufanya kipimo cha HbA1c kidanganye.

Dawa

- Usiache ukijisikia mzima. Unajisikia mzima kwa sababu unameza.
- Usipunguze vidonge ili vifike mwisho wa mwezi.
- Usimeze vya jirani, wala usimpe vyako.
- Usibadilishe dawa ya kliniki kwa mitishamba.
- Ukitaka kufunga Ramadhani, ongea na nesi kabla mwezi haujaandama.
- Ukisafiri kwenda nyumbani, beba dawa za safari nzima kwenye mkoba wa mkononi.
- Ukizuiwa kwenye lango la kliniki moja, nenda nyingine. Usirudi chumbani ukaacha dawa.

Insulini bila friji

Iweke ndani ya chungu cha udongo chenye maji kidogo, kivulini, ikiwa imefungwa kwenye mfuko usiopitisha maji. Isikae dirishani penye jua wala karibu na jiko. Isigande. Chupa iliyofunguliwa ibadilishwe baada ya wiki 4 hivi.

Miguu

Mwezi wa 6 na wa 7 baridi ya Johannesburg inauma. Usiote miguu kwenye hita wala jiko la mafuta ya taa: mguu uliokufa ganzi unaungua bila wewe kujua. Kagua nyayo kila usiku, au mwombe mwenzako akuangalizie. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa. Usitembee peku, hata chumbani. Usikate sugu kwa wembe. Kidonda, hata kidogo kama punje ya mchele, kionyeshe kliniki kesho yake.

Sukari ikishuka

Mtu anatetemeka, anatoka jasho, anaongea ovyo: mpe vijiko 3 vya sukari kwenye maji. Akizimia, usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, piga 10177, au 112 kwa simu ya mkononi.

Soda

Kunywa maji badala yake.

Kadi ya kliniki

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 2023, jengo la Usindiso, kona ya Albert na Delvers, liliteketea na kuua watu zaidi ya 70. Ndugu zetu walikuwemo. Waliotoka hai walitoka mikono mitupu. Piga picha kadi yako na majina ya dawa zako, mtumie mtu unayemwamini. Kadi ikipotea, dawa isikatike.

Neno la mwisho

Baba, mama, kaka, dada: leo usiku hesabu vidonge vilivyobaki. Kama vimebaki vya siku 7, kesho nenda kliniki. Usingoje viishe, usingoje kuumwa. Usiache dawa.