Mama Anapoanza Kusahau: Somo la Dimenshia kwa Familia na Majirani

Kila Desemba inapofika, vijiji vya Machame, Masama na sehemu nyingine za wilaya ya Hai hujaa watoto waliorudi kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko kuwaona wazazi wao. Ni katika siku hizo chache ambapo baadhi yao hugundua kwa mshtuko kwamba mama si yule waliyemwacha mwaka uliopita. Anauliza swali moja mara nne kabla chai haijapoa, anamwita mjukuu kwa jina la kaka yake aliyekwisha kufariki, au anaamka saa nane usiku akisema anakwenda kukata majani ya ng'ombe. Wengine hawagundui lolote, kwa kuwa mtu mwenye hali hiyo huweza kujikaza mbele ya wageni kwa siku mbili tatu, akasalimia vizuri na kucheka panapostahili, kisha akarejea katika hali yake gari likishaondoka. Anayeujua ukweli wote ni yule anayelala naye nyumba moja.

Hali hiyo huitwa dimenshia. Si ugonjwa mmoja, bali ni jina la jumla la maradhi yanayouharibu ubongo kidogo kidogo hata mtu akapoteza kumbukumbu, lugha, uwezo wa kupambanua mambo na hatimaye uwezo wa kujihudumia. Maradhi yanayoongoza katika kundi hilo ni Alzheimer, yaliyopewa jina la daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliyeyaeleza mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba maradhi hayo huchangia asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote wa dimenshia. Aina nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, na huwapata zaidi watu waliopatwa na kiharusi au walioishi miaka mingi na shinikizo la damu bila kutumia dawa.

Wapo wanaodhani kwamba maradhi haya ni ya Wazungu. Wakazi wa Hai wana sababu ya kujua vinginevyo, maana utafiti mkubwa kuhusu jambo hili nchini ulifanyika katika vijiji vyao wenyewe. Watafiti walipita katika vijiji sita na kuwapima wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba asilimia 6.4 walikuwa na dimenshia. Kwa lugha nyepesi, katika kila wazee mia wa umri huo, sita au zaidi kidogo wanaishi na maradhi haya, na karibu wote wanahudumiwa nyumbani na ndugu zao.

Yafaa itofautishwe na usahaulifu wa kawaida wa uzeeni. Mzee asiye na maradhi huweza kusahau alipoweka miwani yake, akaitafuta na kuipata. Mwenye dimenshia huweza kuikuta miwani ndani ya chungu cha maharage asijue imefikaje humo, wala ni ya nini. Mama aliyepika kitawa kwa miaka hamsini huanza kukosea mpangilio wa kukipika. Aliyekuwa akijua bei ya kila mkungu sokoni hushindwa kuhesabu chenji. Kinachobaki kwa muda mrefu ni mambo ya zamani. Ndiyo maana wazee wengine huacha kuzungumza Kiswahili, lugha waliyojifunza baadaye, na kurudia Kimachame tupu hata mbele ya wajukuu waliokulia mjini wasiokielewa. Wajukuu hao hudhani bibi amewakasirikia.

Pamoja na hayo, si kila anayechanganyikiwa ana dimenshia. Ukosefu wa vitamini B12, kasoro za tezi ya shingo, sonona, kaswende na maambukizi ya virusi vya UKIMWI vinaweza kuleta dalili zinazofanana nayo, na baadhi ya hali hizo hutibika. Mzee aliyekuwa mzima Jumatatu na kuanza kuweweseka Jumatano ana dharura nyingine kabisa. Mara nyingi ni maambukizi ya njia ya mkojo, homa ya mapafu, malaria, upungufu wa maji mwilini au dawa iliyomdhuru. Huyo apelikwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dimenshia haiji kwa siku mbili, huja kwa miezi na miaka.

Mpaka sasa hakuna dawa inayoiponya. Neno hilo ni zito, na familia nyingi zikilisikia huona kwamba hakuna tena la kufanya. Hapo ndipo zinapokosea, kwa sababu sehemu kubwa ya mateso ya mgonjwa na ya wanaomhudumia hutokana na namna anavyoeleweka na kutendewa. Jambo hilo liko mikononi mwa watu wa nyumbani na majirani.

Ichukuliwe familia ya mfano, ya aina inayojulikana katika kila kijiji. Baba alifariki. Kwa desturi ya Wachagga, mtoto wa mwisho wa kiume ndiye aliyerithi nyumba ya wazazi, naye anaishi hapo kihambani na mkewe na watoto watatu. Mchana mume yuko kwenye shughuli zake Bomang'ombe. Anayemwogesha mama, kumlisha, kumbadilisha nguo na kumfuata anapotoka ni mkwe. Siku moja mama anazificha fedha zake za maziwa chini ya godoro, anasahau, anazitafuta kabatini na kuzikosa. Kwa akili yake iliyobaki anajibu swali hilo kwa njia moja tu: zimeibwa. Na nani? Na mtu aliye karibu. Anamwambia jirani, anamwambia mchungaji, kisha anampigia simu binti yake aliyeko Dar es Salaam: "Huyu mke wa ndugu yenu ananiibia, na chakula hanipi."

Binti anamsikia mama yake akizungumza kwa sauti timamu, mwenye uchungu, anayetaja kiasi cha fedha na siku. Kwa nini asimwamini? Kikao cha ukoo kinaitishwa kwa simu, maneno makali yanasemwa, na mwanamke ambaye hajalala usiku mzima kwa wiki tatu anajikuta akishtakiwa wizi na unyanyasaji. Wapo wakwe waliorudi kwao kwa sababu ya jambo hili. Wakiondoka, mama hubaki bila mtu.

Tuhuma za namna hiyo ni miongoni mwa dalili za maradhi yenyewe, wala si ushahidi. Mgonjwa hasemi uongo. Ubongo wake unajaza pengo la kumbukumbu kwa maelezo yanayomwingia akilini. Kwa hiyo humtuhumu aliye karibu naye zaidi, ambaye mara nyingi ndiye anayemtunza zaidi. Hii haina maana kwamba malalamiko ya mzee yapuuzwe daima, kwa kuwa wazee wengine hunyanyaswa kweli, na makovu, kukonda ghafla au woga wa kumwona mtu fulani ni mambo ya kuchunguzwa. Lakini uchunguzi hufanywa kwa kwenda nyumbani na kukaa siku kadhaa. Hukumu ya kwenye simu haifai.

Anapotuhumu, kubishana naye hakusaidii. Kumwambia "Mama, hujaibiwa, umesahau" ni kumwongezea fedheha, na dakika kumi baadaye atakuwa amesahau maelezo lakini hajasahau hasira. Linalosaidia ni kusema, "Pole mama, tuzitafute pamoja," na kuanza na godoro. Familia nyingine humwachia mama noti chache za thamani ndogo katika mkoba wake ili azihesabu na kutulia.

Swali gumu zaidi ni lile la marehemu. Mama anauliza baba yenu mbona hajarudi kutoka shambani. Akijibiwa kwamba alifariki miaka kumi iliyopita, hulia kana kwamba anausikia msiba kwa mara ya kwanza, na kesho atauliza tena. Wapo wanaoona kwamba kukwepa jibu ni kumdanganya mzazi. Hata hivyo, hakuna heshima katika kumfisha mtu mume kila siku. Akiulizwa, "Baba alipenda kahawa yake iweje?" atasimulia, na mara nyingi swali la kwanza litapita lenyewe. Vivyo hivyo jua linapokaribia kuzama, saa ambayo wagonjwa wengi huhangaika, mama hufunga kanga na kusema anataka kwenda kwao. "Kwao" hapo huenda ni kule alikotoka akiwa bibi harusi, nyumba isiyokuwapo tena. Kumfungia mlango huzidisha fujo. Kutembea naye hadi njia panda, mkizungumza, kisha kurudi naye, humtosha siku nyingi.

Kutoka kwa namna hiyo ndiko kunakohitaji kijiji. Katika mteremko wa Kilimanjaro kuna mifongo ya maji, makorongo na baridi ya usiku, na mzee aliyepotea huweza kufariki asionekane hadi asubuhi. Mtu mmoja hawezi kumlinda saa ishirini na nne. Familia inayouficha ugonjwa kwa aibu hujinyima macho ya majirani, ambayo ndiyo ulinzi wa kwanza. Yafaa balozi, mwenyekiti wa kitongoji, vijana wa bodaboda waliopo njia panda na mwenye duka la karibu waambiwe waziwazi: mama huyu ana maradhi ya ubongo, akionekana peke yake asisukumwe wala asichekwe, asalimiwe shikamoo kwa jina lake, aongozwe taratibu, na simu ipigwe nyumbani. Namba hiyo ya simu ishonwe ndani ya sweta lake. Mwenye duka akubaliane na familia kuhusu anachouziwa mama kwa mkopo. Mtendaji wa Kijiji naye ajulishwe, kwa sababu nyingine: wapo wanaomtafuta mzee asiyejua tarehe ili aweke dole gumba kwenye karatasi ya kuuza sehemu ya kihamba. Sheria ya Mikataba inataka anayeingia mkataba awe na akili timamu, na ofisi ya kijiji iliyojulishwa mapema haitashuhudia mauzo kama hayo.

Majirani wanahitaji kujulishwa pia kwa jambo zito kuliko yote. Mwanamke mzee anayetembea usiku, anayeongea peke yake, anayeingia uani kwa watu asijue amefikaje, katika sehemu kadhaa za nchi hii ameitwa mchawi. Wapo waliouawa. Anayemwita mtu mchawi anatenda kosa kwa mujibu wa Sheria ya Uchawi, na mpiga ramli anayemtaja jirani kuwa ndiye chanzo cha ugonjwa wa mtoto anastahili kuripotiwa polisi, hata kama alilipwa na ndugu. Kijiji kinachofahamu jina la maradhi hayo hakina haja ya kutafuta jina jingine.

Yule anayetunza naye huchoka, na uchovu wake ni sehemu ya ugonjwa huu. Watoto walioko mbali huona kwamba wametimiza wajibu kwa kutuma fedha. Fedha ni muhimu, lakini haimwamshi mtu saa nane usiku. Zamu inayofaa ni ya watu: binti aje wiki mbili ili mkwe apumzike kwao, jirani akae na mama Jumamosi moja mkwe aende sokoni, akina mama wa jumuiya wanaokuja kusali wabaki saa moja zaidi wakimenya ndizi pamoja na mgonjwa. Kumenya ndizi si kumpa mama kazi, ni tiba. Hapa Hai uliwahi kufanyika mpango wa mazoezi ya akili katika vikundi vidogo vya wazee wenye dimenshia, vikao 14 katika wiki 7, ambapo wazee walizungumza, waliimba na kufanya shughuli walizozizoea. Kumbukumbu zao ziliimarika kwa kiasi na wasiwasi wao ukapungua. Nyumbani pia yawezekana: nyimbo za kanisani au za harusi za zamani, kuchambua maharage, kukunja nguo, hata zikikunjwa vibaya.

Kuhusu huduma, safari huanzia zahanati ya kijiji. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kufika nyumbani kwa mzee asiyeweza kutembea. Zahanati itapima shinikizo la damu na sukari, itaangalia maambukizi, na ikibidi itatoa rufaa kwenda hospitali ya wilaya na hatimaye KCMC, Moshi. Ofisa Ustawi wa Jamii ndiye wa kuonana naye kuhusu utambuzi wa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wa kulipia matibabu, na ndiye pia anayesuluhisha familia zilizogombana kuhusu matunzo. Katika vituo vyenye dirisha la wazee, aliyemleta mgonjwa aseme mapema kwamba mzee hawezi kusubiri kwenye umati, kwa kuwa kelele na msongamano humvuruga.

Siku ya kwenda kituoni, mgonjwa asindikizwe na yule anayeishi naye, hata kama mwanafamilia mwenye elimu zaidi ni mwingine. Abebe dawa zote anazotumia mama, zikiwemo za miti shamba, katika mfuko mmoja. Aandike kwenye karatasi lini dalili ya kwanza ilionekana, kama amewahi kuanguka au kupata kiharusi, analala saa ngapi, na ni mambo gani aliyoweza kuyafanya mwaka jana ambayo sasa hayawezi. Daktari atayauliza hayo yote, na mama, kwa adabu aliyolelewa nayo, atajibu kwamba hajambo.