Chumvi ya Uvinza na Hesabu ya Moli

Kemia humshinda mwanafunzi anayekariri tarakimu asizopata kuzipima. Kwa mwanafunzi wa Ujiji somo li karibu: huko Uvinza, mkoani Kigoma, maji ya chemchemi za chumvi yalianza kuchemshwa vyunguni zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Maji yakigeuka mvuke hadi yaliyosalia yasiweze kubeba chumvi yote, fuwele hujitenga. Katika nyuzi 25 za Selsiasi, gramu 100 za maji huyeyusha takriban gramu 36. Moli moja ya sodiamu kloridi ni gramu 58.5, yaani sodiamu 23 na klorini 35.5, basi 36 ÷ 58.5 ni moli 0.62 hivi. Mwanafunzi na apime mwenyewe. Akipata 38, asiifute: huenda chumvi ilikuwa na unyevu, nao unyevu hudanganya mizani.