Tunapoomba Msaada wa Makampuni, Tuombe Nini?

Somo la vikundi vya parishi



Parishi nyingi za mijini zina darasa la ushonaji, la useremala, au la kusoma na kuandika kwa watu wazima. Kwa kawaida darasa huanza kwa nguvu za washiriki wenyewe, kisha hufika mahali likakwama: cherehani zimechakaa, mbao zimekwisha, mwalimu hajapata chochote tangu Pasaka. Ndipo wazee wa kanisa hukutana, na mmoja wao husema, "Tuwaandikie wenye makampuni." Barua huandikwa. Pengine hundi huja, picha hupigwa, na jina la kampuni huchorwa ukutani. Mwaka ukiisha wanafunzi humaliza, kila mmoja na cheti chake, nao hurudi barazani kukaa kama zamani.

Kampuni haikukosa kwa kutoa, wala parishi haikukosa kwa kuomba. Shida ni kwamba kilichoombwa kilikuwa kidogo mno. Mwezi huu tutajifunza habari za mchungaji mmoja wa Marekani na watu wa mtaa wake, ambao walijua la kuomba. Someni kila sehemu polepole, kisha mjadili maswali yaliyo mwishoni.

1. Mji na mchungaji wake

Philadelphia ni mji mkubwa ulio mashariki ya Marekani. Watu weusi wengi walihamia huko kutoka majimbo ya kusini wakitafuta kazi, na wengi wao wakakaa sehemu ya kaskazini ya mji. Viwanda walivikuta, lakini kazi waliyopewa mara nyingi ilikuwa ya kufagia na kubeba mizigo. Kazi za ukarani, za mashine na za kuuza bidhaa zilikuwa za wazungu.

Mwaka 1950 alifika huko Mchungaji Leon Sullivan, aliyezaliwa mwaka 1922 katika mji wa Charleston, West Virginia, na kukulia katika umaskini. Alikuwa mchungaji wa Zion Baptist Church hadi mwaka 1988. Katika miaka yake ya kwanza alijaribu kuwatafutia vijana kazi kwa kuwasihi wenye makampuni. Walioitika walikuwa wachache. Kusihi peke yake kulikuwa kumeshindwa.

2. Walichokuwa nacho mkononi

Basi Sullivan na wenzake walijiuliza watu wao wana nini. Fedha nyingi hawakuwa nazo, lakini kila siku walikuwa wakinunua vitu. Mwaka 1960 wachungaji weusi wapatao 400 wa mji ule walipatana. Hawakuunda chama chenye hazina wala ofisi. Wajumbe wachache waliitembelea kampuni, wakauliza ina wafanyakazi weusi wangapi na katika kazi zipi, kisha wakataja nafasi wanazotaka zifunguliwe. Kampuni ikikataa, habari ilitangazwa Jumapili katika mimbari zote, na washiriki wakaacha kununua bidhaa zake.

Ya kwanza ilikuwa Tasty Baking Company, watengenezaji wa keki. Madai hayakuwa makubwa, lakini yalikuwa wazi: madereva wa kuuza keki madukani, makarani, na wanawake katika idara ambayo weusi hawakuwa wameruhusiwa kufanya kazi. Kampuni ilikataa, watu wakaacha kununua, na mwaka huohuo ikakubali. Baada ya hapo wachungaji waliziendea kampuni nyingine, moja baada ya moja.

Jambo la pili walilokuwa nalo ni akiba ndogo ndogo. Mwaka 1962 Sullivan aliwaomba washiriki wake watoe dola 10 kila mwezi kwa miezi 36. Zaidi ya watu 200 waliitika. Fedha za miezi 16 zilikwenda katika mfuko wa kusaidia watu, na za miezi 20 zikawa mtaji wa biashara yao. Kutokana na mpango huo, mwaka 1968 walifungua Progress Plaza, jengo la maduka lililokuwa mali ya watu weusi wenyewe.

Tuangalie mpangilio wa mambo haya. Walijijua kwanza kuwa wanunuzi na wenye akiba. Baada ya hapo, walipokaa na mkurugenzi wa kampuni, walikaa kama watu wenye jambo la kupatana.

3. Mlango ulipofunguka

Sasa likatokea tatizo jipya. Nafasi zilianza kupatikana, lakini watu waliofundishwa kazi hizo walikuwa wachache, maana kwa miaka mingi hapakuwa na faida ya kujifunza kazi ambayo hutapewa. Sullivan aliona kwamba kumfungulia mtu mlango asioweza kuupita ni kumzidishia uchungu.

Kwa hiyo mwezi wa Januari 1964 walifungua kituo cha mafunzo katika kituo cha zamani cha polisi chenye mahabusu, jengo lililokuwa limeachwa tupu. Kiliitwa Opportunities Industrialization Center, kwa kifupi OIC. Maana yake ni kituo cha kuwapatia watu nafasi za kazi za viwandani. Kila upande ulileta chake. Halmashauri ya mji ilitoa jengo kwa kodi ya dola moja kwa mwaka. Watu wa mtaa walichanga na kujitolea. Makampuni yalitoa mashine na waalimu, na viongozi wao wakakaa katika kamati ya ushauri.

Msaada uliokuwa na thamani kuliko yote ni kwamba makampuni yalisema wazi ni kazi zipi zinazohitaji watu. Kituo hakikuchagua masomo kwa kubahatisha. Kilifundisha umeme wa vyombo, ufundi wa bati, uchoraji wa ramani za mashine, ushonaji wa mashine za kiwandani, na kazi za hotelini, maana kazi hizo zilikuwapo. Mwanafunzi alifundishwa kwa mashine ya namna ile ile atakayoikuta kazini.

Lakini wengi waliokuja walikuwa watu wazima walioacha shule zamani. Wengine walisoma kwa shida, na wengine walikuwa wamekataliwa mara nyingi hata wakaona aibu kuomba kazi. Kwa hao kiliwekwa kwanza darasa la maandalizi. Humo walifundishwa kusoma, kuandika na hesabu, namna ya kujaza karatasi za kuomba kazi na kuzungumza na mwajiri, na pia historia ya watu wao, ili wajue kwamba hawatoki katika watu wasio na kitu. Ndipo walipokwenda kwenye mashine. Hawakutozwa ada.

Mpango huu ulienea katika makumi ya miji ya Marekani, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulifika Nigeria na Ghana.

4. Kwa nini makampuni yalikubali?

Tuseme kweli: sababu zilikuwa nyingi, na si zote zilikuwa za huruma. Makampuni yalijua kwamba watu weusi wakiacha kununua, hasara itaonekana. Mwezi wa Agosti 1964 ghasia kubwa zilitokea Columbia Avenue, kaskazini ya Philadelphia, na maduka mengi yakavunjwa. Wenye biashara waliogopa. Tena viwanda vilihitaji mafundi. Wengine walipenda jina jema. Na wapo waliosukumwa na dhamiri.

Hatuna mizani ya kupimia moyo wa mfadhili. Tunachoweza ni kuutengeneza mpango vizuri, hata kama sababu za mfadhili zimechanganyika, mwanafunzi apate faida. Boazi, katika kitabu cha Ruthu sura ya pili, alimruhusu mwanamke mgeni aokote masuke katikati ya watu wake wa kazi. Aliwaagiza vijana wamwachie masuke makusudi, na kuwakataza wasimwaibishe. Alitoa nafasi shambani, na alilinda heshima ya aliyepewa. Mambo hayo mawili twaweza kumwomba mwajiri yeyote.

Lakini je, mtu akipokea kwa tajiri, hafungwi mdomo? Mwaka 1971 Sullivan aliingia katika baraza la wakurugenzi wa General Motors, mtu mweusi wa kwanza kufika hapo. Mwaka huohuo, mbele ya mkutano wa wenye hisa, aliitaka kampuni iondoke Afrika Kusini kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, ingawa wakurugenzi wenzake hawakutaka. Mwaka 1977 alitoa kanuni za kuwatendea wafanyakazi kwa usawa katika makampuni ya Marekani yaliyokuwa huko. Na mwaka 1987, alipoona kanuni hazikutosha, akayataka makampuni yaondoke kabisa. Kukaa meza moja na wakubwa hakukumnyamazisha.

5. Onyo

Habari hii ina upande wa huzuni pia. OIC ilipokua, sehemu kubwa ya fedha zake ilitoka serikalini. Katika miaka ya 1980 serikali ya Marekani ilipopunguza fedha za mafunzo ya kazi, vituo vingi viliishiwa na vingine vikafungwa. OIC yenyewe haikufa, nayo ingali ikifanya kazi. Lakini yatupasa kukumbuka methali yetu kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Fedha za kampuni nazo ni hivyo hivyo. Faida ikishuka, au mkurugenzi akihamishwa, hundi haiji.

Hata hapa kwetu Afrika Mashariki tunao mfano wa msaada uliopata watu wa kuutunza. Mwaka 1959 Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu walianzisha Starehe mjini Nairobi kwa ajili ya wavulana wasio na makao. Majengo ya kwanza yalikuwa vibanda viwili vya mabati, zawadi ya makampuni ya mafuta ya Shell na BP. Mabati hayo yangeota kutu bure kama wasingepatikana watu wa kukaa na wale wavulana. Griffin aliongoza Starehe mpaka alipofariki mwaka 2005. Kampuni hutoa kibanda mara moja. Anayeamka kila asubuhi kukifungua ni mtu wa mahali pale.

6. Barua yetu iweje?

Basi, kamati ya parishi inapoiandikia kampuni, ianze kwa kutaja kilichopo: chumba, mwalimu anayejitolea, michango ya washiriki, na idadi ya wanafunzi walioandikishwa. Kisha iombe mambo haya:

(a) Kampuni itaje ni kazi zipi inazokosa watu, na ni wanafunzi wangapi itakubali kuwajaribu wakifuzu.

(b) Fundi wake mmoja aje kufundisha, hata kama ni jioni moja kwa juma.

(c) Mashine itakazotoa ziwe za namna inayotumika sasa. Mashine iliyotupwa kiwandani humfundisha mtu kazi iliyokwisha.

(d) Wanafunzi wapokewe kiwandani kwa majuma machache wajifunze kazi kwa vitendo.

(e) Kama itatoa fedha, iseme ni za muda gani, na itupe habari mapema kabla ya kuacha.

Hapana budi pia kamati ipatane mapema juu ya mambo isiyoweza kuyatoa. Uongozi wa darasa ubaki kwa watu wa mtaa. Mwanafunzi asipigwe picha ya kuonyesha umaskini wake ili mfadhili asifiwe. Na kampuni ikiwadhulumu wafanyakazi wake, parishi isizuiwe kusema kwa sababu imepokea cherehani sita.

Jambo la mwisho ni hesabu. Watoaji wengi huuliza ni watu wangapi waliofundishwa. Sisi tuulize, na tuandike katika daftari, ni wangapi walio kazini miezi sita baada ya kumaliza, na wanapata mshahara wa namna gani. Daftari hilo litaieleza kamati kama darasa linafaa. Kampuni nayo, ikiliona, itajua inachangia kitu gani.

Maswali ya kujadili

1. Katika mtaa wetu, ni kampuni zipi tunazonunua bidhaa zake kila siku? Je, zimewaajiri vijana wetu katika kazi gani?

2. Katika parishi yetu kuna nani mwenye ufundi au chumba ambacho hakijatumiwa kusaidia wengine?

3. Wale waliomaliza darasa letu mwaka jana wako wapi leo? Nani ataenda kuwauliza?

4. Mtu mzima asiyejua kusoma anaona aibu kuja darasani. Tufanyeje asiaibishwe?

5. Mfadhili wetu akiacha kutoa mwezi ujao, ni sehemu gani ya kazi itakayoendelea?

Kila kikundi kichague mtu mmoja wa kuandika majibu, naye ayapeleke katika kikao cha baraza la parishi.